Mashabiki Wameikataa Albamu Yetu, Tuwajibu Vipi?

Swali: Mzee wetu, salamu kutoka Kisumu. Nina lebo ndogo, tunarekodi ohangla na benga, mitindo ya muziki wa Kijaluo. Mwezi uliopita tulitoa albamu ya msanii wetu mkubwa, nyimbo kumi na mbili. Tangu siku ya kwanza tunaporomoshewa lawama: sauti yake imefunikwa na ala, nyimbo ni fupi mno, ngoma ni za kompyuta (tulitaka kupunguza gharama ya wapiga ngoma), majina ya mashabiki hayatajwi (tulitaka albamu isikike Nairobi na Tanzania), na kolabo tuliyoitangaza kwenye bango haimo. Msanii anataka kwenda laivu awajibu. Mwenzangu ofisini ameanza kufuta komenti. Rafiki yetu wakili anasema tumshtaki mwenye chaneli moja aliyeiita albamu takataka. Nimekutumia nyimbo zote uzisikilize. Na Desemba tuna ziara ya Siaya, Busia na Mumias. Tumsikilize nani na tumpuuze nani? Tumefikiria hata kuifuta albamu mtandaoni. Tufanyeje? – *Meneja wa lebo, Kisumu*

Jibu: Bwana Meneja, salamu nimezipokea. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu huyo mwenzako aache kufuta komenti. Mengine tutayazungumza taratibu, hilo halingoji. Kila komenti anayoifuta kuna mtu amekwisha kuipiga skrinishoti, na skrinishoti hiyo itazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa na maneno mapya juu yake: "Wanaogopa ukweli hawa." Mtu aliyekuwa na lalamiko moja kuhusu nyimbo sasa ana la pili kuhusu ninyi, na hilo la pili hata mkirekodi upya albamu nzima haliondoki.

Umeniandikia lawama tano kana kwamba zote zimemwangukia msanii. Nimezipitia nikiuliza jambo moja tu: uamuzi huu ulikuwa wa nani? Sauti kuzama chini ya ala ni kazi ya studio, na studio ni yenu. Nyimbo mlizifupisha ninyi. Wapiga ngoma mliwaacha ninyi. Majina mliyaondoa ninyi. Bango la kolabo lilikuwa na nembo ya lebo pembeni. Katika hizo tano sioni hata moja ambayo msanii anastahili kuijibia, na bado yeye ndiye anayetaka kukaa mbele ya simu usiku ajitetee!

Msimamo wangu ni kwamba lebo ijibie kazi ya lebo. Sauti, urefu, matangazo, bei, tarehe ya kutoa, hayo ni yenu. Yakilalamikiwa, mjitokeze kwa jina lenu mseme. Mashairi na mahadhi ni ya msanii. Shabiki akisema wimbo wa mapenzi haumgusi, au kwamba alimpenda zaidi alipokuwa akiimba maisha ya kijijini, lebo haina cha kurekebisha hapo wala cha kuombea radhi. Lebo inayoomba msamaha kwa wimbo ambao msanii mwenyewe haujutii inamvua nguo mbele ya watu, na mwaka ujao atakapotaka kujaribu jambo jipya atakumbuka kwamba hamkusimama naye.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1983 kampuni ya Geffen kule Marekani ilimshtaki msanii wake mwenyewe, Neil Young, ikidai zaidi ya dola milioni 3 kwa sababu albamu alizokuwa akiwapelekea hazikufanana na Neil Young waliyemzoea. Mtu anashtakiwa kwa kutofanana na nafsi yake! Kesi haikufika popote na David Geffen alikuja kumwomba radhi. Kampuni ile ilikuwa na pesa za kumeza aibu ya namna hiyo. Wewe una studio moja na msanii mmoja anayeibeba.

Sasa sauti, maana ndiyo lawama iliyo rahisi kupima. Nimezisikiliza nyimbo zako kwa simu ya kawaida, kisha kwenye gari. Wimbo wa nne, pale anapoanza kumsifu mama mkwe, besi inaingia na maneno yanayofuata yanapotea kabisa. Nikarudisha, yakapotea tena. Mashabiki wako wako sahihi. Jambo hili hutokea kwa sababu inayojulikana: produsa amekaa na wimbo wiki kadhaa mpaka anayajua maneno kwa ghibu, kwa hiyo anayasikia hata yalipofunikwa. Masikio yake yanajazia. Halafu anasikiliza kwa spika kubwa za studio, ambazo zina nafasi ya besi na ya mwimbaji pia. Mnunuzi wako anasikiliza kwa spika ndogo ya simu isiyoweza kuitoa besi vizuri, au ndani ya matatu ya Bondo ambako dereva amekwisha kupandisha wufa hadi mwisho. Kabla ya kutoa wimbo wowote, mpe mtu asiyeujua aandike maneno anayoyasikia akiwa kwa kinyozi pale Kondele, mashine ikinguruma. Asipoweza, rudini studio.

Kosa la pili naona mmeikaza sauti kupita kiasi ili wimbo usikike kwa kishindo kuliko wa jirani. Kishindo hicho hakiwafai kitu mtandaoni. Spotify husawazisha nyimbo zote zikaribie kipimo kimoja cha ukubwa wa sauti (LUFS hasi 14), na YouTube nayo huishusha sauti iliyozidi, kwa hiyo wimbo uliobanwa unafika kwa msikilizaji ukiwa umeshushwa na umekwisha kupoteza pumzi: ngoma haziruki, gita halichomi. Mwaka 2008 mashabiki wa Metallica waligundua jambo hilihili. Albamu ya bendi yao ilitoka imebanwa mpaka sauti inakwaruza, wakati nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video zilisikika safi, na maelfu wakatia saini ombi la kutaka ichanganywe upya. Hao walikuwa wamesikiliza kwa makini na kulinganisha. Watu wa namna hiyo ukiwaita wachochezi, umemtukana mteja wako bora.

Kwa hiyo changanyeni upya. Kama mnazo sauti zote zikiwa zimetenganishwa, nyimbo tatu au nne zilizoathirika ni kazi ya siku chache. Muulizeni msambazaji wenu wa mtandaoni utaratibu wake kabla hamjagusa chochote, maana rekodi iliyochanganywa upya kwa kawaida hupewa namba yake mpya ya ISRC, yaani namba ya kuitambulisha rekodi, na mkienda kichwakichwa mtapoteza hesabu ya waliosikiliza. Kwenye YouTube huwezi kuingiza sauti mpya ndani ya video ileile; pandisha video mpya, andika wazi kwamba ni toleo lililorekebishwa, na ile ya zamani iache ilipo pamoja na komenti zake, ukiweka kiungo cha mpya juu kabisa. Na mkirekebisha, rekebisheni mara moja tu. Mwaka 2016 Kanye West aliendelea kuigeuzageuza albamu yake ikiwa imekwisha kutoka. Kwa mtu mwenye jina lake huo ulikuwa mjadala wa dunia nzima, kwa lebo ya Kisumu itaonekana hamjui mnachofanya.

Urefu wa nyimbo unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu naona hamkuelewa mlichokigusa.

Najua kwa nini mlikata. Mtandao wa kusikiliza muziki hulipa kwa kila mara wimbo unaposikilizwa, na kwenye Spotify mara hiyo huhesabiwa msikilizaji akifikisha sekunde 30. Wimbo wa dakika tisa na wa dakika mbili na nusu unahesabiwa mara moja kila mmoja. Mtu wa hesabu akikaa na karatasi atakwambia katakata, toa nyimbo nyingi fupi. Hesabu yake ni sahihi, na hata hivyo ametupa nje kile ambacho watu hununulia muziki huu. Benga ilipokuwa kwenye santuri ndogo za 45, upande mmoja haukutosha, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, unageuza, sehemu ya pili upande ule. Hadithi ilisimuliwa mwanzoni. Ule upande wa pili ndiko magita yalikoachiwa, na mtu alisimama kwenda kucheza. Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Victoria Jazz ya Ochieng' Nelly, wote waliwazoesha watu hivyo, na teknolojia iliyobana namna ile haikuwafanya waukate wimbo, waligeuza santuri. Studio ya Chandarana pale Kericho ilirekodi muziki huo, Phares Oluoch Kanindo akausambaza mpaka Zimbabwe, na huko watu wakauita muziki wenyewe Kanindo, kwa jina la mwenye biashara. Hebu fikiria, mfanyabiashara wa lebo kutoka Nyanza anageuka jina la muziki katika nchi ya mbali, na alichowauzia ni hayohayo magita ya upande wa pili.

Sasa ninyi mmewapa watu hadithi halafu mmezima kabla ya ngoma kupanda. Mtu anaposema "nyimbo ni fupi", anakwambia amevaa viatu vya kuchezea na mlango umefungwa. Msijitetee kwa kumweleza habari za sekunde 30, hazimhusu. Kama msanii alirekodi matoleo marefu, na ninadhani alirekodi kwa sababu miisho ya nyimbo zako inasikika imekatwa katikati ya gita, yatoeni. Ziacheni fupi kwa ajili ya redio na Skiza (huduma ya Safaricom ya nyimbo anazosikia anayekupigia simu), na ndefu ziwe kwa mashabiki. Hapo mmejibu lawama bila kuandika hata sentensi moja ya kujitetea.

Kuhusu majina. Wasomaji wa mbali wanisamehe nieleze kidogo. Katika usiku wa ohangla, shabiki husimamisha bendi kwa pesa yake, akashika kipaza sauti na kujisifu: yeye ni nani, ametoka kwa kina nani, shemeji zake ni kina nani, rafiki zake wanafanya kazi gani, kisha muziki unaendelea naye amekwisha kuwa sehemu ya wimbo. Hiyo ndiyo pakruok. Baadhi ya majina hayo huingia hata kwenye rekodi, na wimbo ukipigwa kwenye gari miaka kumi baadaye, mtoto wa mwenye jina anasikia baba yake akitajwa. Shabiki wa namna hii ni mfadhili, na kwa hisia zake ana hisa katika wimbo. Ndiyo maana lawama zake zina ukali ambao lebo za Nairobi haziujui: anazungumza kuhusu kitu alichochangia.

Mlipoondoa majina ili albamu ipendwe Dar es Salaam, mlifanya uamuzi wa kibiashara ambao siwezi kusema ulikuwa wa kijinga. Kuna watu wasiojua Kijaluo wanaoupenda muziki huu na kwao orodha ya majina kumi ni kelele. Ila mliufanya kimyakimya, na waliolipia majina yao kwenye maonyesho ya mwaka mzima walifungua albamu wakajitafuta wakajikosa. Hapo semeni ukweli bila kuzunguka: tulitaka kuwafikia wasikilizaji wapya, tukawasahau wa nyumbani. Kisha rekodini onyesho moja likiwa hai, kwa ngoma za kweli za ngozi na wapigaji wake, na majina ya waliofika ukumbini yaimbwe. Gharama yake ni usiku mmoja na fundi mzuri wa sauti. Mtakuwa mmejibu lawama ya ngoma za kompyuta papo hapo. Tahadhari moja tu: tunauelekea uchaguzi wa 2027, na wanasiasa watakuja na bahasha nono kutaka nafasi yote ya majina iwe yao. Mkiwauzia yote, shabiki wa kawaida atawakimbia, na msanii wenu ataitwa wa chama fulani mpaka azeeke.

Kolabo nimeitenga kwa makusudi, kwa sababu haifanani na nyingine. Sauti mbaya ni udhaifu wa kazi. Kutangaza kitu ambacho hakipo ni ahadi iliyovunjwa, na mtu aliyelipa kwa ajili ya ahadi ana haki ya kudai chake. Wanunuzi wa albamu ya kundi la Milli Vanilli walilifikisha jambo hili mahakamani. Mwaka 1990 ilipobainika kwamba vijana wawili waliokuwa wakionekana jukwaani hawakuimba kwenye albamu yao wenyewe, walinyang'anywa tuzo ya Grammy, na kesi za wanunuzi kule Marekani ziliishia kwa makubaliano ya kurudishiwa sehemu ya pesa. Sijasikia mahakama iliyomrudishia mtu pesa kwa sababu albamu haikumfurahisha. Hapa walirudishiwa kwa sababu waliambiwa uongo. Kwetu pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakataza kumuuzia mtu kwa maelezo ya uongo. Sisemi mtafikishwa mahakamani kwa bango moja. Nasema mtu aliyenunua flashi yenye albamu siku ya uzinduzi kwa sababu ya jina lililokuwa kwenye bango akirudi dukani, arudishiwe pesa yake bila maswali. Watakaorudi ni wachache sana. Lakini wote watasikia kwamba mnarudisha.

Na lile bango lishusheni leo. Nimeangalia, bado lipo kwenye ukurasa wenu wa Facebook.

Umeniuliza pia jinsi ya kujua nani wa kumsikiliza na nani wa kumpuuza. Wenye lebo wengi hukimbilia kusema "wametumwa". Huenda wachache wametumwa kweli, lakini nina kipimo changu: aliyetaja wimbo na mahali, "ule wa saba, pale gita linapoingia", amesikiliza, hata kama maneno yake ni makali kama pilipili. Aliyeandika "mmekwisha" chini ya kila posti hajasikiliza chochote. Mpe wa kwanza dakika zako zote. Wa pili mwache aendelee.

Kisha fungua takwimu za chaneli yako, usiishie kwenye komenti. YouTube inakuonyesha ni sekunde ya ngapi watu wanaanza kuondoka. Ukiona kwenye nyimbo zote wanaondoka mapema, tatizo ni la sauti au la mwanzo wa wimbo, na hilo ni lenu. Ukiona wanasikiliza mpaka mwisho, wanarudia, halafu wanaandika kwamba "hii si ohangla", basi wanabishana, na ubishi ni uhai wa muziki, kaeni kimya. Tazama pia ni nyimbo zipi wanazichukua kwenye Skiza, maana pale mtu anatoa pesa yake. Na kipimo kilicho juu ya vyote ni ukumbini. Msanii akipanda jukwaani, watu wanaomba wimbo gani? Kama baada ya mwezi mzima hakuna hata mmoja anayeomba wimbo mpya, komenti zimewaambia kweli. Kama wanauomba mmoja au miwili, mnayo albamu yenye nyimbo mbili nzuri, jambo ambalo si aibu hata kidogo.

Msikimbilie kuizika albamu pia. Mwaka 1996 bendi ya Weezer ilitoa albamu ambayo wasomaji wa jarida la Rolling Stone waliipigia kura miongoni mwa mbovu za mwaka. Miaka ilivyokwenda, albamu ileile ikawa kipenzi cha watu na wanamuziki wengi wa kizazi kilichofuata wakaitaja kama chimbuko lao. Siwaahidi kwamba yenu itakuwa hivyo. Nasema tu msiifute mtandaoni kwa hasira, kama nilivyosikia kwenye barua yako kwamba mmefikiria.

Nimwongelee msanii. Asiende laivu. Najua ni mtu mzima na simu ni yake, kwa hiyo huwezi kumkataza, kaa naye. Usiku akiwa ametoka kazini, amechoka, pengine amepata chupa moja mbili, akakutana na komenti ya mtu anayemtukania mama, atajibu, na kesho yake jibu hilo litakuwa ndilo habari, albamu imesahaulika. Mpe mtu mwingine azisome komenti na amletee muhtasari: watu wanalalamikia hili na hili. Matusi asimletee. Na asirekodi wimbo wa kuwajibu wakosoaji. Nimesikia nyimbo nyingi za namna hiyo na sijui hata moja ambayo watu wanaiomba ukumbini mwaka uliofuata. Mwambie pia, tena mbele ya wenzake ofisini, kwamba lawama za sauti na urefu ni zenu. Usishangae akilia. Mwezi mzima amekuwa akidhani sauti yake ndiyo iliyokwisha.

Sheria. Rafiki yenu wakili anapenda kuwasaidia, lakini mtu aliyeiita albamu takataka ametoa maoni yake kuhusu kitu mlichokiweka sokoni, na maoni ya haki ni utetezi unaokubalika katika kesi ya kuchafuliwa jina. Kumfunga mtu kwa kashfa nako hakupo tena; Mahakama Kuu ilikwisha kukitangaza kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2017. Ingekuwa amesema mmeiba pesa ya msanii, na si kweli, hayo yangekuwa mazungumzo mengine. Msijaribu pia kumwangusha kwa madai ya hakimiliki kwa sababu alicheza vipande vya nyimbo zenu akivichambua. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki, na YouTube ikiona mnadai bila msingi, mnaopoteza ni ninyi. Mtumieni toleo lililorekebishwa likiwa tayari, bila barua ya kubembeleza na bila bahasha. Mkimlipa, wasikilizaji wake watanusa.

Komenti za kufutwa zipo, ila ni za aina nyingine: vitisho, matusi ya mwili na ya wazazi, na matusi ya kabila. Haya ya kabila huku kwetu hayachelewi kuingia, hata mjadala ukiwa ni wa besi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inayagusa, na ya Makosa ya Mtandao ya 2018 inagusa vitisho na usumbufu. Pigeni skrinishoti kwanza, kisha futeni, na mwandike juu ya ukurasa kwamba hayo tu ndiyo mnayoyafuta.

Sasa neno lenu kwa mashabiki. Liseme jambo, lisemwe na mtu mmoja mwenye jina, yaani wewe, na lisiandikwe kwa Kiingereza cha ofisi. Lirekodi kwa Kijaluo kwanza, kisha Kiswahili, video ya dakika mbili ukiwa umekaa studio. Mimi ningesema hivi:

"Mashabiki wetu, tumewasikia. Kwenye wimbo wa pili, wa nne, wa saba na wa tisa sauti ya mwimbaji imezama. Kosa ni la studio yetu, si lake. Tumezichanganya upya na zitatoka Ijumaa hii. Nyimbo ndefu mlizozizoea tulizikata sisi, tunazirudisha. Kolabo tuliyoitangaza haikukamilika na tulipaswa kuwaambia kabla ya kuwauzia. Aliyenunua kwa ajili yake aje dukani arudishiwe pesa yake. Majina yenu tutayaimba kwenye onyesho tutakalolirekodi. Asanteni kwa kusikiliza kwa makini kiasi cha kutuonyesha makosa."

Usiongeze kitu. Usiseme "kama kuna aliyekwazika". Wamekwazika, wamekwisha kukwambia. Usitaje gharama mlizoingia wala usingizi mliokosa. Usitoe video hiyo kabla nyimbo zilizorekebishwa hazijawa mikononi mwako, maana ahadi ya pili ikivunjwa hakuna atakayengoja ya tatu. Ukimaliza, jibu komenti chache zilizotaja mambo mahususi, kwa jina la mtu na kwa jambo alilolitaja, halafu nyamaza. Lebo inayojibu kila mtu huishia kubishana na watoto wa shule saa nane usiku.

Iliyobaki ni ziara ya Desemba. Usiiahirishe. Watu wa Nairobi na Mombasa watakuwa wamerudi nyumbani, na huo ndio umati wenye pesa mfukoni na lawama mdomoni. Peleka wapiga ngoma wa kweli hata kama itabidi ukodishe gari moja badala ya mawili. Nyimbo mpya zisizidi tatu kwa usiku, zile ambazo takwimu zimekuonyesha zinasikilizwa mpaka mwisho, na zichezwe kwa urefu wake wote. Zilizobaki ziwe zile walizomjulia. Busia utapata watu wa Uganda pia, na Mumias wengi hawazungumzi Kijaluo, kwa hiyo mshereheshaji azungumze Kiswahili na maelezo ya pakruok yatolewe mapema, ili nao washike kipaza sauti. Pale mlangoni weka meza moja na kijana mmoja mwenye kompyuta. Mwenye flashi ya zamani ampe, aingiziwe nyimbo zilizorekebishwa bure, aendelee ndani.